Habari za Mapacha Zilivyogeuzwa Njiani

Ninyi vijana wa Kasikeu mnaoniita Susu, kwa kuwa mimi ni nyanya wa nusu ya kwaya, mmekuwa mkiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kurudi nyumbani kufuga kuku. Nikiwajibu kwamba nilikuwa nasema maneno ya watu wengine, mnacheka mkidhani nawakwepa. Siwakwepi. Nilikuwa mkalimani. Nilitafsiri Kisomali, Kikamba na Kiswahili hospitalini, mahakamani, kwenye masoko ya mifugo, na mwishowe kwenye vikao vya amani. Leo wacha niseme maneno yangu mwenyewe, na mnivumilie nikirukaruka, maana sijazoea.

Kisomali sikukisomea darasani. Baba yangu alikuwa fundi wa lori Garissa, na mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kisomali ambaye watoto wote tulimwita Eeddo, yaani shangazi. Siku zetu za kwanza pale, Eeddo aliniita kutoka jikoni, "Kaalay!" Kwao hiyo ni "njoo". Mimi nikasikia "kaa". Nikaketi pale pale uani. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, nikakaza makalio mchangani. Alipotoka na mwiko mkononi kumtazama huyu mtoto mkaidi, alinikuta nimekunja miguu vizuri, nimetii kuliko mtoto yeyote duniani. Alicheka hadi akaketi na yeye.

Tangu hiyo siku, nikiona mtu amefanya kinyume na alivyoambiwa, huwa sikimbilii kumwita mkaidi. Nauliza kwanza amesikia nini.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Yusuf, mkalimani wa mahakama, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwa la kukaanga mayai. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: mtu akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba". Siku yangu ya kwanza mahakamani kulikuwa na mzee mmoja aliyeshtakiwa, naye akaanza kujieleza. Nikasimama mbele ya hakimu, msichana wa gauni la maua, nikatangaza, "Mimi nina wake wawili, ndevu zangu nimezipaka hina, na tangu nizaliwe sijaiba mbuzi wa mtu." Mahakama nzima ilipasuka. Hakimu alivua miwani akapangusa machozi. Nami nilitaka ardhi inimeze.

Nje Mzee Yusuf aliniambia, "Ungesema 'anasema ana wake wawili', ungekuwa umesimama kando unamnyooshea kidole. Mwache aongee kwa mdomo wako, wewe unyamaze humo ndani."

Sheria ya pili: usitie sukari, usitoe pilipili. Hii niliielewa vizuri pale Salama, njia panda, siku lori la mifugo lilipoharibika karibu na vibanda vya wachuuzi. Ngamia mmoja alinyoosha shingo juu ya ubao wa lori, taratibu kabisa, akala nyanya za mama mmoja fungu baada ya fungu. Mama akamvaa dereva kwa Kikamba, dereva akamjibu kwa Kisomali, watu wakajaa. Mimi nilikuwa nimeshuka tu kununua maji. Nikajitolea kutafsiri.

"Mwambie ngamia wake ana adabu kumshinda yeye!" mama akafoka.

Moyo wangu uliniambia nipunguze makali. Nikamkumbuka Mzee Yusuf, nikalitoa tusi likiwa zima. Dereva akamtazama mama, akamtazama ngamia, akasema, "Hilo ni kweli kabisa. Angalau yeye amekula bila kupiga kelele." Nikalirudisha hilo nalo lilivyo. Mama alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka akishika kiuno, na wakasikizana kuhusu nyanya kabla lori halijapona. Ningetia sukari, nadhani wangeshikana mashati.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hakuna atakayewaambia. Usiitikie kwa kichwa mtu anapoongea: yeye atadhani umekubaliana naye, na wa upande wa pili atadhani umenunuliwa. Keti mahali unapoona midomo yote miwili. Chakula, onja cha kila upande, hata kama umeshiba, la sivyo kuna atakayehesabu. Na mzee akianza na methali, mwache amalize yote kabla hujafungua mdomo. Methali ina tabia ya kugeuka mwishoni.

Sasa Kyuso. Mlikuwa wadogo, lakini mlisikia. Kiangazi kilikuwa kimekaza, wafugaji wakashuka na ngamia kutoka kaskazini mashariki kutafuta maji. Wakulima walikuwa wamebaki na silanga moja tu, lile bwawa la kuchimbwa, ambalo halijakauka. Ngamia wakaingia kwenye mashamba ya ndengu. Vijana wa huko wakawapiga ngamia mishale. Wafugaji wakajibu kwa risasi. Mzee Kilonzo, aliyeongoza wazee wa wakulima, alimzika mkwe wake. Haji Dahir, mkubwa wa wafugaji, alimzika mtoto wa dada yake. Hata familia za Waislamu zilizozaliwa pale pale Kyuso, wenye maduka tangu enzi za babu zao, ziliogopa kuhesabiwa pamoja na wafugaji, zikafunga milango na kufungasha vyombo. Watu waliita jambo hilo vita, na sikuona wa kuwakosoa.

Kamati ya amani iliita kikao kwenye shule ya msingi wakati wa likizo. Uchungu ulikuwa mwingi mno kuwaweka watu chumba kimoja, kwa hivyo wakulima walipewa darasa la upande huu wa uwanja na wafugaji darasa la upande ule. Askari walisimama katikati, karibu na mlingoti wa bendera. Mtu mmoja angepeleka maneno huku na huku. Nani? Mheshimiwa akajitolea. Jina lake sitalitaja, alikuwa mwanasiasa wa kule, na aliongea kwa unyenyekevu hadi watu wakampigia makofi. "Niacheni nibebe huu msalaba," alisema. Kwa wakulima angezungumza Kikamba mwenyewe. Kwa wafugaji alihitaji mkalimani, kwa sababu Kisomali hakujua hata cha kusalimia. Ndiyo maana mimi niliwekwa darasa la wafugaji, na la wakulima sikukanyaga.

Asubuhi Haji Dahir alianza vizuri. Alikuwa mzee mrefu, sauti yake ya chini. "Waambie sisi ni wageni na tumekosea kwenye mashamba. Tunaomba ngamia wanywe jioni, wao wakishamaliza kuchota. Na ndengu zilizoliwa, tukae tuzungumze."

Nikatafsiri. Mheshimiwa akaandamana na maneno hayo kuvuka uwanja. Akarudi uso umemshuka kama mtu aliyefiwa.

"Inaniuma kusema," aliniambia, nami nikageuza neno kwa neno. "Wanasema ngamia hatakunywa hata tone mpaka mpige magoti hadharani."

 Kijana mmoja wa wafugaji akasimama akatoka nje. Haji akajibu kwa upole tena, na jibu lililorudi lilikuwa baya kuliko la kwanza. Wakati wa mapumziko ya mchana wazee wa pande zote mbili walikuwa wakikunja mikeka. Nilijua kikao kikivunjika, kuna watu nitakaosikia wametangazwa redioni kabla ya wiki kuisha, na niliogopa. Lakini mkalimani haruhusiwi kuogopa kwa sauti.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na tangi la maji. Wafugaji walienda hapo kutawadha kwa ajili ya swala, nami nilikuwa najaza chupa yangu. Haji Dahir alikuwa wa mwisho kubaki. Mara Mzee Kilonzo akatokea upande wa pili wa tangi, mfupi, kofia ya kufuma kichwani. Hakutuona. Akainama kwenye bomba, akatumbukiza vidole mdomoni, akatoa meno yake yote ya juu na kuanza kuyasuuza.

Haji akashtuka, akasema "Subhanallah!" Mzee Kilonzo akainua macho, mdomo umebonyea, meno mkononi, adui yake mbele yake. Hakuna aliyesogea. Halafu Haji Dahir akapeleka mkono mdomoni akatoa ya kwake.

Sijui ni nani alianza kucheka. Najua tu kwamba wazee wawili wasio na meno walishikilia tangi moja wasianguke.

"Mwaitu," Mzee Kilonzo aliniita kwa heshima ya Kikamba, kana kwamba mimi ni mama yake, "mwulize yake yalitengenezwa wapi. Haya yangu yananikata ufizi."

Nikauliza. Wakazungumza kuhusu meno: nani anasugulia nini, nani hawezi tena kutafuna mahindi ya kuchoma. Kisha Mzee Kilonzo akamtazama Haji kwa muda, kicheko kikaanza kufifia usoni.

"Mwulize. Mtu anayecheka hivi, mbona asubuhi amesema watoto wetu watachota maji kwa ruhusa yake?"

Nikatafsiri. Haji akarudi nyuma hatua. "Mimi? Mimi nilisema hivyo? Wewe si ndiye uliyesema nipige magoti hadharani?"

"Mimi nilisema upige magoti?" nikamgeuzia Haji maneno ya Mzee Kilonzo.

"Mimi nilisema karibuni, jioni maji ni yenu, lakini mtuachie njia ya kufika shambani!" Mzee Kilonzo akaongeza.

"Mimi nilisema tumekosea mashambani!" Haji naye akapaza sauti.

Muwaone! Nilikuwa katikati nikisema "mimi, mimi, mimi" kwa watu wawili, mkono mmoja huku, mwingine kule, na koo limekauka. Kila neno nililogeuza liliondoa jiwe moja kifuani mwangu. Mwishowe wote wawili wakageuka kutazama kule uwanjani. Mheshimiwa alikuwa anatembea karibu na mlingoti, simu sikioni, mkono mmoja umeziba mdomo.

"Tumpime," alisema Mzee Kilonzo, akirudisha meno yake.

Walikubaliana haraka. Kila mmoja alimtajia mwenzake habari ndogo isiyoweza kumkasirisha kiumbe yeyote, angempa Mheshimiwa hiyo hiyo, kisha waone inafika na sura gani. Wangewanong'oneza wazee wao wachache. Mimi sikuambiwa nifanye lolote isipokuwa kazi yangu, na uso wangu niuweke kama ukuta.

Haji alianza. "Mheshimiwa, waambie mke wa ndugu yangu amejifungua mapacha salama. Wakipenda, tunawakaribisha siku tutakayochinja."

Hiyo ilikuwa habari ya kweli kabisa. Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa huzuni, akaenda. Kilichofika darasa la wakulima nilisimuliwa na Mzee Kilonzo mwenyewe baadaye: "Wanasema wao wanaongezeka, na wataendelea kuongezeka hapa mpaka ninyi mhame."

Mzee Kilonzo akajibu kwa upole, "Mheshimiwa, waulize kama kweli maziwa ya ngamia yanamsaidia mtu mwenye sukari. Dada yangu anasumbuka."

Mheshimiwa akavuka uwanja kwa mara nyingine. Akasimama mbele yetu, akashusha pumzi. "Wazee wangu, sijui hata niseme vipi. Wanasema ngamia wenu ni ugonjwa mtupu, na maziwa yenu hawawezi kumpa hata mbwa."

Nilitafsiri. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Ndevu za Haji zilikuwa zinatetemeka. Mzee mmoja nyuma yake alijifunika uso kwa kilemba akajifanya analia. Mheshimiwa akamwonea huruma, akampapasa bega.

"Asante, mwanangu," Haji akasema. "Jibu la hili tutalipeleka wenyewe."

Akatoka, wazee wake wakimfuata, nami nyuma yao. Mlango wa ng'ambo nao ukafunguka, akatoka Mzee Kilonzo na wa kwake. Hapo, wanangu, ndipo hatari ilipokuwa. Askari hawakujua chochote. Wao waliona makundi mawili yaliyokuwa yakiuana yanatembea kukutana uwanjani, na bunduki zikashuka kutoka begani. Nyuma ya ua wa shule vijana wa kila upande walianza kusimama mmoja mmoja. Mtu mmoja angejikwaa tu, tungezika tena.

Haji akafika kwenye mlingoti kwanza. Akanyoosha mkono. Mzee Kilonzo akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Hongera ya mapacha," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nikalitafsiri kwa sauti hiyo hiyo. Haji akajibu, "Na dada yako, kesho nitamletea maziwa. Lakini dawa za daktari asiache."

Bunduki zikainuka taratibu zikarudi begani. Mzee Kilonzo akageuka. "Mheshimiwa, sogea hapa kidogo. Hebu turudie sote tusikie. Hawa mapacha wamesema tuhame twende wapi?"

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikapita kwa askari, kikaruka ua. Mheshimiwa alitazama huku na huku, kisha akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mama! Ni makosa ya tafsiri! Ametugombanisha huyu!"

Kicheko kikakatika. Nilihisi macho yote yamenigeukia. Mkalimani hana shamba wala duka katika kazi yake. Ana kuaminiwa tu, na kukienda hakurudi. Nilitazama wazee wawili, nikasema, "Naomba ruhusa. Sasa nikisema 'mimi', ni mimi Mutheu."

"Sema," wakajibu, kila mmoja kwa lugha yake, kwa pamoja.

"Mimi nilikuwa darasa la wafugaji tangu asubuhi. Kwa wakulima sijaingia. Kule Mheshimiwa alizungumza Kikamba, lugha ya mama yake na mama yangu. Kati yake na wao hakukuwa na mtu wa kukosea."

Nikaitafsiri kauli yangu mwenyewe kwa Kisomali, jambo lililonipa aibu ya ajabu, kama kujisalimia kwenye kioo.

Mzee Kilonzo akasema, "Ni kweli. Huyu mama mguu wake haujafika mlangoni petu." Kisha akamgeukia Mheshimiwa, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Nimezika mkwe. Binti yangu ana watoto wasio na baba. Nawe ulitaka nizike nani tena?"

Mheshimiwa akaanza kutafuta funguo za gari. Baadaye ilijulikana kwamba aliwaahidi wakulima atafukuza ngamia wote, na kwa siri akawaahidi wafugaji kwamba yeye ndiye ngao yao. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Wakipatana, nani angemhitaji? Aliingia kwenye gari lake akaondoka. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumtumia kuleta amani. Msidhani alifungwa, hakufanywa lolote. Ila hadi leo akipita Kyuso, kuna mtu atakayeita kutoka kwenye kibanda, "Mapacha! Habari ya asubuhi!" Naye hupandisha kioo cha gari.

Wale wazee waliingia darasa moja mchana huo, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Msifikiri ilikuwa kucheka tu. Binti ya Mzee Kilonzo aliitwa akasema uchungu wake, na dada ya Haji akasema wa kwake, nami nikawa mjane, kisha nikawa mama aliyefiwa, katika saa moja. Sauti yangu ilikatika, na hakuna aliyeniharakisha. Lakini walipotoka, walikuwa wamekubaliana: wakulima asubuhi, ngamia jioni, njia ya mifugo ipite pembeni mwa mashamba, na kijana atakayevunja hilo ashikwe na wazee wa upande wake mwenyewe kabla upande wa pili haujauliza. Walikosana tena mara nyingi baada ya hapo, ila kwa mdomo.

Na karamu ya mapacha ilifanyika. Wakulima walikuja na ndengu na kuku hai, kwa kuwa hawakujua waletewe nini watu wenye ngamia. Mzee Kilonzo alipewa mtoto mmoja ampakate, akamwambia kwa Kikamba, "Kwa hivyo ni wewe uliyesema nihame?" Nilipotafsiri, mama mzazi alicheka hadi akaomba nisirudie, mwili wake haujapona.

Nilirudi Kyuso mvua zilipokwisha, kununua ndengu za mbegu. Kwenye soko la mifugo niliwakuta wale wazee wawili kwenye benchi la hoteli, wamegeukiana, vidole hewani. Nikakimbia nikidhani yameharibika. Kumbe ni beberu. Haji alitaka kumnunua, Mzee Kilonzo alikuwa anamkataza, na lugha waliyotumia sijaisoma popote. Haji alikuwa anasema "mbui", yaani mbuzi kwa Kikamba, kama amezaliwa Mwingi. Mzee Kilonzo alikuwa anapiga meza akisema "maya, maya", yaani hapana ya Kisomali, kisha anaendelea kwa Kiswahili cha polisi na ishara za mikono. Nusu ya maneno yalikuwa ya makosa. Alitaka kusema beberu ni mgonjwa, akasema ni mpishi.

Nikavuta kiti, nikasafisha koo, nikaanza, "Haji, anachomaanisha ni..."

Wote wawili wakanigeukia kama mtu aliyekohoa katikati ya maombi.

"Abaayo," Haji akasema, na hiyo ni "dada" kwao, "nimemwelewa. Agiza chai. Leo hatuna kazi yako."

Wakarudi kwenye beberu wao. Chai ikaletwa, moto, mvuke unapanda. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kunywa chai ikiwa moto, maana kila nikiinua kikombe kuna mtu anafungua mdomo. Hiyo siku niliinywa yote, nikaongeza ya pili.